Kitambaa Ulichonifunga Mkononi

Dar es Salaam,
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza ni ya heshima na hii nyingine ni ya kuomba radhi. Sababu utaikuta huko mbele, kaka Kaspari asiruke mistari anapokusomea. Hujambo, Mama? Mgongo umepata nafuu, au bado unakusumbua ukiinama kwenye matuta? Na baridi ya mwaka huu ikoje? Huku natokwa jasho hata nikiwa nimekaa, na nikiwaambia wenzangu kwamba kwetu Mwimbi tunaota moto mpaka jua lipande, wanadhani nawatania. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu.

Mwaka huu tumeanza kuingia wodini, Mama. Nimevaa koti jeupe! Laiti ungeniona nilivyolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Kuhusu gauni usiwe na wasiwasi. Lile ulilonishonea linafika karibu na vifundo vya miguu, na wasichana wenzangu wananiita mtawa aliyetoroka. Mavazi ya wodini yana sheria nyingi kuliko kanisani. Kucha fupi, nywele zimefungwa, viatu vya kufunika vidole, mikono ya koti ikunjwe juu ya viwiko. Bangili hapana, pete hapana, hata rozari mkononi hapana. Saa tunaibana kifuani kwa pini. Msimamizi wetu ni Sista mmoja mtu wa Mbeya, mnene, mpole wa sauti, lakini macho yake yanaona kila kitu.

Sasa umeshajua naelekea wapi.

Siku ya kwanza alikiona kitambaa. Nilimweleza kwamba baba yangu amefariki, na kwamba kwetu mama huchana pindo la kaniki yake akawafunga watoto mkononi, na hakifunguliwi mpaka ulezi uvunwe, pombe ya kumaliza msiba ipikwe, na yeye mwenyewe aliyefunga ndiye afungue. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Pole sana, mwanangu. Mimi sikatai msiba wako. Nakataa kitambaa." Akanitoa wodini. Kesho yake nikarudi nacho, akanitoa tena, akaniambia safari ya tatu atalikata jina langu kwenye orodha, na huo mwaka nitaurudia.

Mama, Kaspari analima na chake mkononi na jembe halilalamiki. Mimi nilifanyaje? Nauli ya kuja kwako na siku za njiani sikuwa nazo. Kukifungua mwenyewe niliogopa. Niliogopa kweli, pamoja na vitabu vyote hivi nilivyosoma, kwamba nikikifungua kabla ya wakati nitawaletea balaa wadogo zangu. Basi nikafanya ujanja. Nikakisukuma mpaka juu ya kiwiko, nikakunja mkono wa koti juu yake. Sista alipita akaangalia viganja vyangu, akaridhika. Nikajiona mjanja.

Jumanne nikapewa kumsafisha kidonda mama mmoja mzee wa Rufiji, Bibi Tatu, mwenye kidonda cha mguu kilichomlaza muda mrefu. Kilikuwa kimeanza kupona vizuri, nyama nyekundu safi. Nikainama na pamba yangu. Mkono wa koti ukalegea, kitambaa kikateleza, na ncha yake ikaingia kidondani. Kile kitambaa nilichooga nacho, nilichopika nacho, nilicholala nacho tangu tulipomzika Baba.

Hakuna aliyeona ila mimi na yeye. Ningeweza kunyamaza, Mama, na nakiri kwako kwamba kwa muda kidogo nilitaka kunyamaza. Kisha nikamtazama yule mama, naye ananitazama tu, hajui kama ni jambo kubwa au dogo. Nikaenda nikamwambia Sista. Hakunigombeza. Alikuja akakisafisha upya mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni, halafu akaniwekea mkasi mezani akaondoka.

Nilipouinua, Bibi Tatu akasema, "Weka mkasi, binti. Nani alikufunga?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Mbali, Bibi. Sumbawanga, na kutoka hapo bado kuna safari."

"Basi lete mkono. Mimi nimezaa saba, nimezika watatu. Mama yako hatanikasirikia."

Fundo lako lilikuwa gumu, akatumia na meno. Akaniuliza Baba aliitwa nani, nikamwambia Kristofa. Akasema, kama anamsemesha mtu aliyeketi kitandani pale, "Kristofa, mtoto wako ana kazi ya kufanya huku. Sisi wagonjwa tunamhitaji. Mruhusu." Halafu akasoma dua yake ya Kiislamu, na mimi nikaitikia Amina. Sidhani kama Padre atanilaumu, na akinilaumu nitamsikia.

Pale ndipo nilipolia, Mama. Mimi ambaye msibani sikudondosha chozi, mpaka Shangazi akasema kisomo kimenikausha. Nililia nimeegemea ukingo wa kitanda cha mgonjwa, na yeye mgonjwa ndiye aliyenibembeleza. Nilimwona Baba kama alivyokuwa asubuhi ile aliponisindikiza kuja chuoni, amenibebea sanduku kichwani na hataki nimpokee.

Kidonda kimeendelea kukauka, hakikuharibika. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kukitazama kabla sijanywa chai. Kitambaa nimekifua, nimekihifadhi. Wodini naingia, na jina langu halikukatwa.

Lakini sikukungoja, na hilo ndilo linaloniuma. Haki ile ilikuwa yako, na nimempa mtu usiyemjua. Siku ya pombe sitakuwepo kwa sababu ya mitihani. Watu watauliza, na sitaki uambiwe na mwingine, wala usidanganye kwa ajili yangu. Waambie ukweli wote. Kama kuna jambo la kutengenezwa, nitumie maneno kwa Kaspari, nitalitimiza.

Msalimie sana Kaspari, na umwambie asome barua hii polepole bila kuruka mahali pa aibu yangu. Shangazi, dada yake Baba, mpe shikamoo yangu na umwambie kwamba nimelia. Wadogo zangu wote wabusu.

Nitakuja tukifunga chuo, Mama. Nitakaa mbele yako na mkono mtupu. Usiniulize kitu kwanza. Ushike tu.

Mwanao,
Anastazia