Mwenye Nchi Amesema

Kambini, 3 Agosti 1979

Mwanangu Delma,

Hujambo huko Darwin? Uuguzi haujakuchosha? Sisi wazima, goti langu tu ndilo korofi. Bata bukini wamenona, nakukumbuka kila nikila paja.

Watu wa kampuni ya madini ya urani walikuja kuuliza kama tunakubali wachimbe mlimani. Tukanyamaza sote, maana mwenye nchi ni Shangazi yako Mavis, naye amelazwa huko hospitalini kwako. Mimi nimeolewa tu hapa, nitaisemeaje nchi ya marehemu baba yako? Basi wakatushukuru, wakapiga makofi! Watarudi mwezi ujao.

Mama yako

Darwin, 9 Agosti

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako imenikalisha chini. Mama, kwa wazungu aliyenyamaza amekubali! Gazeti la huku limeandika mmeridhia.

Nilimsomea Shangazi Mavis. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akawaka. “Lete redio yako ya kaseti.” Akaongea kwenye kanda: mlima ule una maradhi, usifukuliwe, hapana. Nitaileta uwasikilizishe. Anasema goti ulipake mafuta ya kenge.

Binti yako

Kambini, 27 Agosti

Mwanangu,

Pole. Habari ya kufariki kwa shangazi yako tumeipata kwa redio ya upepo ya misheni. Nimelia hadi macho yamevimba. Nyumba yake tumeifukiza moshi kama desturi yetu, na jina lake tusilitaje tena.

Ile kanda ifunge. Sauti ya marehemu isisikike mpaka msiba uishe, na wa kampuni hawatangoja. Mwenye nchi sasa ni wewe, mtoto wa kaka yake. Lakini nakujua, hata chai dukani unaona haya kuagiza. Sikulazimishi, mwanangu. Kula vizuri.

Mama

Darwin, 2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Kitandani pake wamemlaza mwingine, na shuka nilitandika mimi. Kanda nimeifunga kwa kitambaa chake cha kichwa.

Naogopa sana. Nakuja Alhamisi na lori la posta. Siku watakayokuja wa kampuni ukae nyuma yangu, karibu, nikusikie ukipumua.

Delma

Kambini, 15 Septemba

Mwanangu,

Umefika salama? Tangu uondoke nyumba imepwaya.

Ile “hapana” yako ilikuwa ndogo hata mzungu wa kampuni akakuomba urudie. Ukarudia! Mgongo wako ulikuwa unatetemeka, nikatamani kukubeba kama zamani.

Ulipotoka kunywa maji, akatugeukia: “Na ninyi wengine mnasemaje?” Tukanyamaza sote. Safari hii hakupiga makofi.

Paja lako la bata nimelila mimi. Njoo ulidai.

Mama yako