Kolekole wa Mama

Dada yangu mpendwa,

Huku sote wazima, ila mimi pua imebabuka kwa jua. Jumapili tulikodi boti tukaenda baharini kuvua, Mama, Baba na mimi. Mama ndiye aliyeshika mshipi, maana tangu Baba apigwe na kiharusi, mkono wake na ulimi wake vimelala. Mara kolekole akanasa, Mama akavuta kwa pupa.

"Legeza, mke wangu! Utamkosa!"

Tukageuka. Ni Baba aliyesema! Mama akaachia mshipi wote, akamkumbatia huku analia. Samaki akaenda zake.

"Si nilikwambia?" Baba akanung'unika.

Dada, ule mpango wako wa kumpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, nimeukataa. Atabaki nasi. Piga simu, uzungumze naye mwenyewe.

Akupendaye,
Kitinda mimba wenu