Mpira Uliobaki

Mwanangu kitindamimba,

Mimi sijambo. Bati la jikoni nimeliziba mwenyewe.

Filta ya oili ya gari nayo niliibadilisha mwenyewe, oili nikaiacha maana ilikuwa bado nzuri. Fundi alitaka kukagua, nikamwambia, "Nilifungua injini wewe hujaota meno."

Siku ya tatu mama yako alibanwa kifua, nikampakia. Nusu ya njia ya hospitali oili ilimwagika yote, injini ikakwama, naye akaishia mle garini. Fundi alikuta mpira wa kuzibia wa filta ya zamani umenata pale pale kwenye injini, nami nimefunga filta mpya juu yake, oili ikapata pa kuvujia. Aliubandua, akaniwekea mkononi. Afadhali angenicheka.

Mazishini niliwaambia wote ni moyo tu. Macho yangu hayaoni vizuri, mwanangu, na nilikuwa najua hivyo nilipomkatalia fundi.

Baba yako