Ila, Kinywani mwa Hooyo

Jumapili jioni, Majengo. Manyunyu tangu asubuhi na mlima haujaonekana kabisa. Nimekaa mbele ya cherehani lakini sijashona hata pindo moja.

Chumba cha jirani kiko kimya.

Nikueleze wewe unayesoma, maana pengine ndiyo mara yako ya kwanza kupita hapa. Tangu mwaka jana nimeishi ukuta kwa ukuta na mama mmoja Msomali. Alivunjika nyonga kwao Nanyuki, na mwanawe Abdi, anayeuza ng'ombe na mbuzi huko, akampangia chumba kwenye ploti yetu ili awe karibu na hospitali ya kumfanyisha mazoezi ya kutembea. Mke wa Abdi alikaa naye mwanzoni, kisha akarudi Nanyuki kujifungua. Nikabaki mimi.

Sote tulimwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Siku moja mama yangu mdogo alitutembelea kutoka Wamagana. Akamsikia binti yangu Salma akiita mlangoni, "Hooyo! Hooyo!" Mama mdogo akaweka kikombe chini, akainamisha kichwa, akaanza kuombea chai. Kwa Kikuyu, hoya ni omba, sali. Tulicheka hadi machozi. Hooyo naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

Kiswahili chake kilikuwa maji, chai, pole na asante. Kisomali changu kilikuwa neno moja tu, kaalay, njoo, kwa sababu ndilo alilonirushia kupitia ukutani kila asubuhi. Nilikuwa nikienda, namshika mkono, tunazunguka ua polepole, yeye na mkongojo wake. Tukirudi ananikatia anjera, ile chapati yao laini, na kunitia mdomoni. Mimi, mtu mzima, nalishwa.

Hatukuwahi kuongea mengi. Lakini kila nilipotoka chumbani mwake nilihisi nimeongea.

Leo Abdi alikuja kumchukua. Daktari amesema sasa anaweza kwenda nyumbani. Nilijua kwamba siku hii inakuja, nikajiambia nimejiandaa. Nilimfulia shuka zake zote, nikazikunja.

Abdi alikuwa anapakia mabegi kwenye pikapu aliposimama ghafla, ameshika viatu vyangu vya wazi na sweta ya shule ya Salma.

"Zaina, hii ni zenu?"

Vilikuwa vimewekwa vizuri katikati ya nguo za Hooyo. Nilidhani amechanganya tu, macho yake si mazuri.

Ndipo Hooyo akanishika mkono. "Kaalay," akasema. "Ila joog."

Nikasubiri. Njoo, ila. Ila nini?

Niseme ukweli, hilo neno ila nimelichoka. Mteja akija kuchukua nguo, gauni limependeza, ila mikono. Mama yangu alipolazwa, ameamka vizuri leo, ila. Baba Salma kabla ya kwenda Uarabuni alinikalisha hapa hapa, kwenye hiki kiti, akaniambia mimi ni mke mwema, ila. Aliyoyasema baada ya hapo siyakumbuki. Mwili wangu umejifunza kwamba ukisikia ila, kitu kinaondoka.

"Ila nini, Hooyo?" nikamwuliza.

Abdi akacheka. "Unangoja amalize? Amemaliza. Kwetu hiyo ila si lakini. Ila ni na mimi. Joog ni kaa. Anakwambia, njoo, kaa na mimi."

Kisha kicheko chake kikaisha. Akatazama viatu alivyovishika, akamtazama mama yake.

"Zaina, huyu mama anajua mnakuja naye."

Baba Salma aliahidi kutuita akipata nyumba, hajatuita. Mama yangu alikwenda mahali ambapo hamwiti mtu. Nimekuwa mtu wa kubaki na funguo za wengine, na nilikwisha kuzoea. Halafu bibi ambaye hata jina langu anashindwa kulitamka sawasawa anapakia viatu vyangu kwenye begi lake.

"Mwambie siwezi," nikamwambia Abdi. "Salma ana shule. Nina nguo za watu hapa."

Akamwambia. Hooyo alisikiliza hadi mwisho, akauachia mkono wangu, akageuka kwa zile hatua zake ndogo na kwenda kuketi kizingitini. Akasema maneno mawili matatu.

"Amesema nini?"

"Ati niende peke yangu. Yeye amebaki." Abdi alijifuta uso kwa kiganja. "Na akisema hivyo, hatoki."

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kupanda gari naye, nishuke njiani, Kiganjo, akisinzia. Wazo hilo lilinijia, nikaona aibu. Nikachuchumaa mbele yake kwenye matope.

"Hooyo, shule ikifungwa, mimi na Salma tutakuja. Nanyuki. Kwako."

Abdi akatafsiri. Hooyo hakumtazama. Alinitazama mimi tu, muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kutia uzi kwenye sindano.

"Wallahi?"

Hilo halikuhitaji mkalimani.

"Wallahi," nikasema.

Akaninyoshea mkono nimwinue.

Sweta ya Salma alikubali kuirudisha. Viatu akakataa katakata. Vimekwenda Nanyuki bila mimi, na gari lilipokata kona ya msikiti nilikuwa nimesimama peku uani, Salma amenishika kiuno.

Tangu hapo nimejikuta mara mbili nimesimama karibu na ukuta, nasikiliza. Hamu hii si ya Hooyo peke yake, nadhani. Imemchukua na mama yangu, imechukua na ile nafsi yangu iliyokuwa ikisubiri simu kutoka Uarabuni. Nimelia kidogo, halafu nikakaanga vitunguu ili nipate kisingizio.

Abdi amepiga simu sasa hivi. Wamefika salama. Hooyo hajavua hata mtandio. Amesimama mlangoni na kuamuru stoo isafishwe, magunia yote ya chakula cha mifugo yatolewe, na mke wa Abdi anashangaa ni wageni gani hao. Tena kuna swali la haraka kutoka kwa Hooyo: mtoto anakunywa maziwa ya ngamia?

Nimemwuliza Salma. Amefikiri sana.

"Ni matamu?"

Nimemwambia hata mimi sijui. Kesho nikimpeleka shuleni nitamwuliza mwalimu wanafunga lini.