Alama Niliyoiandika Mbele ya Jina la Alinda

Jumatatu. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa tatu, na hadi jioni hii migomba bado inadondosha maji. Nimeshindwa kula. Leo nimeulizwa swali ambalo nimelikimbia kwa wiki tano.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, huku vijijini Muleba. Watoto wangu wana miaka mitano, wengine hawajafikisha. Wengi wanatoka ng'ambo ya bonde, na katikati kuna kijito. Daraja lake ni magogo mawili ya mkaratusi. Kiangazi unavuka bila kuwaza. Mvua zikija, yanateleza vibaya.

Alinda alikuwa akivuka na dada yake, Koku, wa darasa la tatu. Mtoto wa miaka tisa anamlinda wa miaka mitano, na sisi watu wazima tuliona ni kawaida.

Asubuhi ile, wiki tano zilizopita, niliita majina. Alinda hakuitika. Nikajisemea atakuwa na homa, nikaandika hayupo, nikaendelea na irabu.

Na Koku nilikuwa nimeshamwona getini. Sketi imelowa hadi kiunoni, anatetemeka. Nilimwambia, "Umeanza tena kuchezea maji? Nenda darasani." Akaenda.

Hakuwa akicheza.

Saa nne, wakati wa uji, alikuja akasimama nyuma yangu, akalivuta gauni langu. "Mwalimu, Alinda amebaki mtoni. Nilimshika, akaponyoka." Alikuwa amenyamaza muda wote ule kwa kuogopa kuchapwa.

Tulikimbia. Watu waliokuwa wakipalilia kahawa waliacha majembe wakatufuata. Tulimkuta mbali, kwenye mafunjo, begi bado liko mgongoni.

Watu wananiambia hata ningejua saa mbili, nilipoita majina, isingesaidia. Mwalimu mkuu kasema hivyo, mume wangu kasema, padri kasema. Labda. Hakuna anayejua, na ndilo linaloninyima usingizi.

Leo mama yao kaja shuleni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimpa kiti, hakukaa; akaniita waitu, neno letu la heshima.

"Mwalimu waitu, ulipoita jina la mwanangu akakosa kuitika, ulifanya nini?"

Ningeweza kutafuta maneno. Nilisema, "Niliandika hayupo, Mama Koku. Na Koku nilimwona amelowa, nikamgombeza. Sikumuuliza kitu."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, na nadhani nilitaka anitukane.

"Mimi siku ile nilidamkia gulioni Kagoma na ndizi zangu," akasema taratibu. "Nilisikia mvua kwenye bati. Nikaondoka tu."

Tukalia wote wawili pale mlangoni, watoto wakitukodolea macho.

Kisha akasema kilichomleta. Koku hajarudi shule. Kila asubuhi anafika kwenye magogo, anageuka. "Anasema atavuka ukiwepo wewe. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu wewe ndiye aliyemwambia habari ile."

Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe sijakanyaga pale tangu siku ile. Kwamba napita njia ya juu, ndefu, hata nikiwa na haraka.

Baada ya vipindi tuliteremka pamoja. Maji yalikuwa ya udongo, yanakwenda kasi. Koku alikuwa amesimama ng'ambo, peku, ananiangalia. Mama yake akatangulia akavuka. Mimi nikafika katikati, nikasimama. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Niliyaangalia maji, nikamwona Alinda.

"Mwalimu, usiangalie chini."

Koku alikuwa ameshapanda juu ya magogo, mkono ameunyoosha. Nikaushika. Alinibana vidole hadi vikauma, akanivusha, na tulipofika kwenye majani hakuniachia. Nilimwambia nisamehe.

Nimerudi kwa magogo yaleyale.

Wazazi wa ng'ambo wameahidi kufunga kamba ya kushikilia Jumamosi, na mtu mzima mmoja atasimama pale kila asubuhi kwa zamu. Mpaka Jumamosi kuna siku nne za mvua. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa mtoni kuwavusha watoto, peke yangu kama hakuna mwingine.

Mungu anisaidie nisichelewe.