Wimbo wa Mavuno na Wacheza Nyoka

Jumapili, 2 Juni

Chumba cha nyuma cha kanisa kimejaa watoto hadi dirishani. Kulwa kaja na kiatu kimoja. Doto, pacha wake, naye kimoja. Wamegawana. Sikuuliza.

Sala, salamu, kisha sifa. Kuongoza sifa za watoto ni kazi ya kurukaruka. Ukiongoza watu wazima ukafumba macho, nao wanafumba. Ukiongoza watoto ukafumba macho, ukifumbua nusu yao wako nje wanafukuza kuku wa mchungaji. Kwa hiyo naomba macho wazi. Mungu ananielewa.

Leo tumeimba wimbo wangu mpya wa mavuno. Nimeutunga mwenyewe, hapo kwenye duka langu la kushona, mtaa wa Ng'ambo, nikipiga pasi sare za shule. Ulikuja wote kwa mkupuo, sauti na maneno. Watoto wameushika papo hapo, hata wale wanaokuja bado wananyonya kidole. Najivunia. Ndiyo, najivunia, na anayetaka kununa anune.

Mchungaji aliusikia akipita. Kasema watoto wauimbe wote, mbele ya kanisa zima, Sikukuu ya Mavuno tarehe 16. Miaka yote wanaimba ubeti mmoja halafu wanaondolewa kama vyombo vya chai. Safari hii wimbo mzima! Wamepiga kelele mpaka masikio yangu bado yanavuma.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi uani mwa kanisa. Yamekwenda vizuri mno, ndiyo maana yameharibika.

Mzee Maganga, mzee wa kanisa, alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama, mguu mmoja chini. Akasikiliza hadi mwisho. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, babu." Hakuitikia. Akaniita pembeni. Eti huo si wimbo wa kanisa, ni wa ngoma ya wacheza nyoka. Wale wanaocheza na nyoka shingoni, watu wakawazunguka na kutupa sarafu. Nikamwambia nimetunga mwenyewe.

"Hukutunga, binti. Umeokota."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nimeokota! Mimi! Nimekasirika hadi nimekata suruali ya mtu vibaya.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwuliza mama kama anaujua wimbo huo. Nimemwimbia kidogo. Kasema hajui, tena nisimsumbue, anachambua karanga. Mama hajawahi kunikatalia neno kwa haraka vile.

Mazoezini nimejaribu kubadilisha sauti, maneno yabaki yale yale. Wapi! Mstari wa kwanza wanafuata. Wa pili wanayumba. Wa tatu wamerudi palepale pa zamani, wote, na miguu juu. Nimejaribu mara nyingi. Mwisho mimi mwenyewe nikateleza nikaimba wa zamani. Watoto wamecheka sana. Mimi sikucheka.

Jumapili, 9 Juni

Imetangazwa: watoto wasiuimbe hadi baraza la wazee likae Alhamisi. Nimewaeleza. Doto kauliza kama tukiimba nyoka atakuja kweli. Nikasema hapana, hawezi kuja. Kulwa akalia. Alikuwa anamtaka huyo nyoka.

Naogopa. Wakiukataa hatuna wimbo mwingine, na watoto watarudi kwenye ubeti mmoja. Nao wameshawaambia wazazi, majirani, mpaka muuza maandazi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeitwa barazani. Nimevaa kitenge changu kizuri, angalau nihukumiwe nikiwa nimependeza.

Mzee Maganga kasema yake. Wazee wakatikisa vichwa, naam, naam, ni wimbo wa nyoka kabisa. Mama mwenyekiti wa wanawake akasema aibu iliyoje. Nikaona kwisha habari yangu.

Mchungaji wetu ni mtu wa Mbeya, ngoma za huku hazijui. Akakuna kidevu. Akauliza kwa upole tu: basi nani kati yetu anaujua huo wa wacheza nyoka, atuimbie kidogo, tulinganishe?

Kimya.

Maana kuujua ni lazima uwe uliwahi kuucheza, au angalau ulikaa pale hadi ukaisha. Na barazani wote wameokoka tangu tumboni. Mama mwenyekiti akaangalia bati la paa. Mwingine akakumbuka kufunga kamba ya kiatu. Mzee Maganga akakohoa, akasema yeye aliusikia kwa mbali.

"Kwa mbali kiasi gani, mzee?" mchungaji akauliza.

Niling'ata pindo la kitenge nisicheke. Mzee alitoa jasho, na Juni hii kuna baridi. Shahidi hakupatikana. Mchungaji akafunga kikao: watoto waimbe.

Kimya kingi kina mshindo. Nimerudi nyumbani nikitembea haraka, wasije wakabadili mawazo.

Jumapili, 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Magunia ya mahindi yamejaa hadi madhabahuni. Karanga, maboga, asali, kuku wamefungwa miguu wanalalamika. Watoto wamevaa mikanda ya njano niliyoishona kwa vitambaa vilivyobaki. Kulwa kaanza kabla sijainua mkono. Sawa, tukaenda.

Mstari wa kwanza ukaisha. Pale pana nafasi kidogo, mimi niliweka makofi tu. Kabla ya makofi, kutoka mabenchi ya nyuma ya kina bibi, likaja itikio. Zito, la pamoja. Mimi sijawahi kufundisha itikio! Watoto wakageuka kuangalia. Mstari wa pili, upande wa wanaume nao wakaitikia. Jamani! Wale wale wa Alhamisi! Nyani haoni kundule. Mama mwenyekiti mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, mabega ya mtu anayejua kazi.

Mzee Maganga alibana midomo ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili mguu ukamsaliti. Ubeti wa tatu akasimama, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka hapo, loo, sijawahi kuisikia kanisani miaka yote. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Mchungaji kavua miwani kwa kucheka.

Mimi sikuwa naongoza tena. Nilisimama tu nikipiga makofi na kulia. Watoto hawakuogopa, walizidisha. Tumeurudia wote. Mwisho vigelegele mpaka kuku wakanyamaza.

Mlangoni Mzee Maganga kanishika mkono. Hakusema kuhusu nyoka. Kasema ubeti wa tatu tunakimbia, tuuimbe taratibu.

Jumatatu, 17 Juni

Sauti imekauka. Nimefungua duka kwa kuchelewa, wateja nawajibu kwa mikono.

Jioni nimekaa na mama uani. Karanga tena. Halafu akaanza kuuimba, polepole, kwa Kinyamwezi, tangu mwanzo. Anaujua wote. Amekuwa akiuimba akichambua karanga tangu nikiwa mgongoni, kasema, hakujua kama nasikia.

Wimbo ni wa bibi, mama yake. Kabla hajabatizwa alikuwa ndiye mwongozaji wa ile ngoma. Mwanamke peke yake mbele, wanaume nyuma na nyoka zao. Mama aliona haya kuniambia.

Basi sikutunga. Nilidhani nitaumia, sikuumia.

Nikamwuliza kwa sauti hii ya chura kama bibi naye aliwahi kuongoza watoto. Kasema hapana, wanaume wazima tu, na walikuwa wanamsikiliza kuliko watoto wangu wanavyonisikiliza mimi.

Nimeomba aurudie. Akaurudia, mimi nikawa naitikia.