Ramani ya Ghuba Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Samaki wamefika sokoni Keumbu saa nne, wateja wangu wameshanunua nyama. Mbuta wawili tu na ngege wadogo. Nimewapanga juu ya majani ya migomba, nimewanyunyizia maji, nimekaa.

Ochieng' amenipigia kutoka bichi, pale mashua zinapotua. Wavu umeraruka tena kwenye mwamba. Wa pili ndani ya mwezi mmoja. Ochieng' ni mume wa Kerubo, mdogo wangu, na mashua ni yetu sisi wawili. Yeye anavua, mimi nauza. Nimemwambia sasa tunanunua ile mashine ya kuona samaki na kina cha maji. Hataki. "Shemeji, mimi ziwa hili nalijua tangu nikiwa mtoto."

Nikamuuliza, mbona mwamba ni uleule mara mbili? Akakata simu. Nimejisikia vibaya. Lakini swali lilikuwa halali.

Jumatano, 5 Machi

Kisii mjini, dukani kwa Yusuf, anayeuza injini za mashua na vifaa vyake. Ametoa mashine tatu.

Ya kwanza ndogo kama simu. Inaonyesha kina na samaki, basi. Haijui uko wapi. Nimeikataa.

Ya pili ina skrini kama kiganja na inafuata setilaiti. Haili betri sana. Nimeipenda hii.

Ya tatu kubwa kama daftari. Betri inaimaliza haraka. Ila ikifika maji mafupi inapiga kelele.

Ramani ndiyo imenivunja moyo. Yusuf ameingiza kadi yenye ramani za maziwa ya Afrika. Kisumu ipo. Mbita ipo. Katikati ni buluu tupu, kama shuka. Hakuna mwamba hata mmoja, na wetu umekula nyavu mbili! Nimemuuliza kama kuna kadi nyingine. Angeweza kunidanganya, hakunidanganya.

"Mama Nyaboke, upande wenu sijaona kadi yenye vina. Lakini hizi mbili zinachora zenyewe. Mnapopita, zinapima na kuweka."

Ameniachia zote mbili nikazijaribu majini hadi wiki ijayo. Mtu mzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma kitabu cha maelezo chote, meza ya samaki ikiwa mbele yangu. Mashine inatuma mwali wa sauti chini ya maji. Mwali mpana unaona eneo kubwa lakini kwa ukungu. Mwembamba unaona padogo, vizuri. Mteja ameuliza kama nasomea ualimu.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Mahubiri yalikuwa marefu. Nilikuwa nawaza betri. Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Niiandike yote.

Nimefika bichi asubuhi. Onyango, mwenzake Ochieng' kwenye mashua, amefunga mashine zote mbili mbele ya usukani. Nimevaa jaketi ya kuelea na kuikaza mpaka nikakosa pumzi. Siwezi kuogelea na sioni haya kusema.

Ochieng' alishika usukani. Kila nilichomwonyesha alisema sawa. Ndogo sawa, kubwa sawa. Nikaona ananidharau. Nikamuuliza, hii inasema mita ngapi?

"Kumi."

Ilisema nne. Nikauliza tena baadaye. Akageuza uso akasema upepo unabadilika. Hakukuwa na upepo.

Kisha Onyango akapiga kelele, "Jiwe! Kata kushoto!" na ile kubwa ikaanza kulia. Ochieng' alikata, akachelewa. Ubao wa chini ukakwaruza mwamba. Nilisikia sauti hiyo kwenye meno yangu. Mashua ikayumba, ikapita. Hatukuvuja.

Onyango akachukua usukani, Ochieng' akampa bila ubishi. Hapo nikajua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana. Nilikuwa nafuata miti miwili kule mlimani. Siku hizi mlima wenyewe ni moshi."

"Kerubo anajua?"

"Hajui."

Nilikasirika sana. Watu watatu ndani ya mashua, na dereva haoni! Nimemwambia amwambie mke wake leo, au nitamwambia mimi. Akasema atamwambia.

Nikajikasirikia pia mimi mwenyewe. Kumbe lile swali langu la Jumatatu lilimchoma.

Jumanne, 11 Machi

Kerubo amepiga simu. Ochieng' amesema kila kitu. Mdogo wangu amelia, kisha amecheka, kwa sababu mwezi mzima mumewe amekuwa akisalimia mbuzi wa jirani akidhani ni jirani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewapeleka Kerubo na Ochieng' kwa daktari wa macho Kisii. Ni mtoto wa jicho. Yote mawili. Inatibika. Watapasua moja kwanza, mwanzoni mwa Aprili. Ochieng' aliuliza mara tatu kama ni kweli. Tumekula ugali na mboga ya chinsaga hotelini. Amemaliza sahani yake na nusu ya yangu.

Nimepita kwa Yusuf, nimerudisha ya pili. Nimechukua kubwa. Betri tutachaji. Mashine inayolia inamsaidia hata asiyeona, na siku moja sote hatutaona vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Leo tumechora.

Onyango alishika usukani, tukaenda polepole, kwenda na kurudi, mstari baada ya mstari, kama kuchuma majani chai. Nyuma yetu ile buluu tupu ilianza kupata rangi. Nyeusi kwenye kina, njano kwenye mafupi. Tukayakwepa magugu maji mara mbili.

Ochieng' alikaa mbele. Haoni skrini. Lakini alisikiliza mawimbi yakipiga ubao, akatuambia tulipo. Hapa matope. Hapa mchanga, ngege wanataga. Kisha akainua mkono.

"Punguza. Hapa kuna jiwe dogo. Baba alivunjia kasia hapa."

Onyango akasema yeye hajawahi kuliona. Mita sita. Tano. Mbili. Mashine ikalia.

Ochieng' alicheka kama mtu aliyeshinda kesi. Nikaandika kwenye ramani: Jiwe la Kasia. Akanitajia mengine kumi na moja, tukayapata tisa. Mawili bado anabishana nayo.

Nimefurahi sana. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisahau kuogopa maji.

Jumatano, 26 Machi

Wavu umebaki mzima wiki yote. Samaki wanafika saa mbili. Nimeuza wote kabla ya saa sita, nimelala mchana kama tajiri.

Ijumaa, 4 Aprili

Jicho moja la Ochieng' limepasuliwa jana. Wamelala kwangu, Kerubo na yeye. Bandeji imetolewa asubuhi. Alitaka kiti tu, akae barazani.

Mvua ndogo. Watu wanapita barabarani kwenda sokoni. Kerubo anapika chai jikoni. Ochieng' anataja miavuli. Mwekundu. Wa kijani. Mweusi uliopasuka. Mwingine mwekundu.

Nimemwacha hapo, nimekwenda kuuza samaki.